MINIDISC NA TARAKILISHI: SOMO LA KUFUNGUA KUFULI LA SAUTI

Katika kurasa nyingine za toleo hili wenzangu wamekuandalia mashairi, chemshabongo na insha za kila aina. Mimi Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili ameniomba niandike somo. Kwa kuwa bwenini ninajulikana kwa kufungua-fungua redio na simu za watu (wakati mwingine zikafungika tena, wakati mwingine mwenyewe akaambiwa angoje wikendi), nimeonelea heri niandike juu ya mashine moja ambayo yaelekea hujawahi kuiona kwa macho yako. Jina lake ni MiniDisc. Nitaeleza jinsi inavyofanya kazi, jinsi ya kuutia muziki kutoka kwenye tarakilishi, na jinsi watu walivyofaulu kuilazimisha irudishe sauti ambazo iliumbwa isizirudishe. Hilo la mwisho ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Tuanze na asili yake. Sony ya Japani iliitangaza MiniDisc mwaka 1991 na kuanza kuiuza Novemba 1992. Wakati huo dunia ilikuwa na kaseti na CD. Kaseti ilikuwa rahisi kurekodia lakini utepe wake ulilegea, ukavuma, na siku mbaya ukatafunwa na redio; waulize wazazi wako habari ya kuzungusha kaseti kwa kalamu ili kuokoa betri. CD nayo ilikuwa na sauti safi lakini haikuwa rahisi mtu kuirekodi nyumbani. Sony ikataka kuoanisha hao wawili: usafi wa CD na urahisi wa kaseti. Philips ya Uholanzi nayo ilileta kaseti ya kidijitali mwaka uo huo wa 1992, ikaiacha mwaka 1996. MiniDisc iliishi zaidi, na Japani ilipendwa sana. Huku kwetu wengi tulitoka kwenye kaseti tukaenda CD, kisha simu, bila kupitia kituo hicho.

Diski yenyewe ina kipenyo cha milimita 64, nayo inakaa ndani ya kijumba cha plastiki cha milimita 72 kwa 68, unene milimita 5. Inaingia mfuko wa shati la sare na nafasi ya kalamu inabaki. Ukiangalia ubavuni utaona kidirisha cha bati kinachojifungua chenyewe ndani ya mashine ili diski isipate vumbi wala alama za vidole.

Sasa walio kidato cha nne wanisikilize, maana hapa mnafundishwa Fizikia bila kulipa. Mnakumbuka kwamba njia mojawapo ya kuua nguvu ya sumaku ni kuipasha moto? MiniDisc ya kurekodia imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Uso wake una utando mwembamba sana wa madini yenye sumaku. Wakati wa kurekodi, mwale wa leza hupasha nukta moja ndogo mno kufikia nyuzijoto kadiri ya 180. Kwa joto hilo nukta husahau uelekeo wake wa zamani, na upande wa pili wa diski kuna kichwa cha sumaku kinachoiambia upesi ielekee juu au ielekee chini. Nukta ikipoa inashika amri hiyo na haiibadilishi. Ndiyo maana huwezi kuiharibu diski hii kwa kuiweka karibu na spika kama ulivyoweza kuiharibu kaseti: sumaku bila moto haifui dafu. Wakati wa kucheza, leza ile ile hupunguzwa nguvu isichome, na mwanga unaorudi huwa umegeuka kidogo sana kulingana na uelekeo wa kila nukta. Mashine husoma mgeuko huo, ikapata moja na sufuri. Sony ilidai kwamba diski moja inaweza kurekodiwa upya mara milioni moja. Sijui nani alikaa akahesabu.

Nafasi ya diski ni ndogo lakini, nayo ilikuwa lazima ibebe dakika 60, baadaye 74, na hatimaye 80. Hapo ndipo ilipoingia hesabu inayoitwa ATRAC. Muziki wa CD hula kilobiti 1411 kwa kila sekunde. ATRAC ya kawaida, yaani SP, huupunguza hadi 292, karibu moja ya tano. Inatupa nini? Inatupa usichosikia. Kengele ya shule ikilia kando ya sikio lako, kalamu ikianguka huisikii. Sauti ya kalamu ipo hewani lakini sikio limezidiwa. ATRAC huichunguza sauti kipande kwa kipande, ikaitupa kalamu na kuibakisha kengele. Mwaka 2000 zikaja LP2 ya kilobiti 132 na LP4 ya 66, kwa hivyo diski ya dakika 80 ikaweza kubeba dakika 160 au 320. LP4 mimi siipendi; matoazi yanalia kama mtu anakaanga omena.

Haya, tarakilishi imeingia wapi? Mwaka 2001 zilitoka mashine za MiniDisc zenye tundu la USB, zikaitwa NetMD. Kabla ya hapo ilikuwa lazima uucheze wimbo tangu mwanzo hadi mwisho huku mashine ikiurekodi: wimbo wa dakika tano ulitaka dakika tano, na kama kuna wa kuita "chakula tayari!" karibu na maikrofoni, hiyo ni yako. Kwa NetMD ulichomeka waya ukatuma faili. Mambo safi, sivyo? Subiri kwanza.

Sony ilikuwa na kofia mbili. Upande mmoja iliuza mashine za kurekodia. Upande mwingine ilikuwa imenunua kampuni kubwa ya muziki ya Marekani, CBS Records, mwaka 1988, kwa hiyo ilikuwa pia mwenye nyimbo. Kofia ya pili iliiogopa kofia ya kwanza. Basi wakaweka makufuli. Kila wimbo ulifungwa kwa siri ya namba iitwayo DES, iliyokuwa kanuni ya serikali ya Marekani tangu 1977, kabla haujapita kwenye waya. Programu yao ilikuruhusu kuutoa wimbo kwa diski tatu tu. Ukitaka ya nne sharti urudishe mojawapo, kama kitabu cha maktaba. Na kubwa kuliko yote: waya ulikuwa wa njia moja. Muziki uliingia, haukutoka. Hata ukirekodi kwa maikrofoni sauti yako mwenyewe, au mtoto wako akilia siku ya kwanza duniani, NetMD haikukurudishia kwa USB. Ulitakiwa kuicheza kupitia tundu la spika za masikioni na kuirekodi upya upande wa pili, dakika kwa dakika, saa kwa saa.

Nataka msomaji ulione jambo hili vizuri. Waya upo. Data ipo kwenye diski. Leza inaisoma kila siku bila taabu. Hakuna kanuni yoyote ya Fizikia iliyozuia sauti kutoka; kilichozuia ni uamuzi wa watu waliokaa mezani. Na mwaka uo huo wa 2001, mwezi wa Oktoba, Apple ilitangaza iPod ya gigabaiti 5. Wanunuzi wakapiga hesabu zao. Sony ilileta Hi-MD ya gigabaiti 1 mwaka 2004, na mwaka 2006 mashine ya MZ-RH1 iliyokubali hatimaye kurudisha rekodi za zamani kwa USB, lakini treni ilikuwa imeondoka stesheni. Mwaka 2011 Sony iliacha kusafirisha Walkman za MiniDisc, mwaka 2013 ikamalizia mitambo ya nyumbani, na Februari 2025 ikaacha kutengeneza hata diski tupu.

Kampuni ikishaondoka, programu yake nayo huchakaa. Tarakilishi mpya haziitambui vizuri, na mwenye NetMD anabaki na kipande cha chuma kizuri cha kuwekea karatasi zisipeperuke. Hapa ndipo wadukuzi walipoingia. Neno hili kwetu limechafuka. Mtu akisema "mdukuzi" tunawaza mwizi wa pesa za simu. Lakini wako wanaodukua kama fundi anavyodukua injini, ili ajue kwa nini haiwaki. Watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, wengi wakiwa hawajawahi kuonana, walikaa wakisikiliza mazungumzo kati ya tarakilishi na mashine, baiti kwa baiti, kama mtoto anayejifunza lugha kwa kuwasikiliza wakubwa. Wakajua neno la "habari yako", neno la "nipe orodha ya nyimbo", na namna funguo za DES zinavyobadilishanwa. Mradi wa linux-minidisc uliitoa elimu hiyo bure. Juu ya msingi huo ikajengwa programu ya Web MiniDisc, na baadaye Web MiniDisc Pro, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti.

Kuitumia si mchezo wa kutisha. Unahitaji mashine iliyoandikwa NetMD, waya wake wa USB (zaidi ni ule wa kichwa kidogo chenye pembe, uliotumika kwenye kamera za zamani), na kivinjari cha jamii ya Chrome, kwa sababu hicho huruhusu ukurasa uongee moja kwa moja na kifaa cha USB. Kwenye Windows itakubidi kwanza uitambulishe mashine kwa kutumia kiprogramu cha Zadig, ukichagua WinUSB. Ukimaliza, fungua Web MiniDisc Pro, bofya pa kuunganisha, uichague mashine yako, na majina ya nyimbo zilizomo yatajitokeza. Vuta faili zako uzidondoshe pale, chagua SP au LP2, uketi. Ukichagua SP, tarakilishi hutuma sauti ikiwa haijabanwa na mashine yenyewe ndiyo inayoibana kwa ATRAC yake, kwa hiyo usitarajie kasi ya simu. Albamu moja inatosha muda wa kufua soksi na kuanika. Mwisho, kioo cha mashine kitaonyesha herufi TOC. Hapo usiguse kitu! Usichomoe waya, usitoe betri, wala usimruhusu ndugu yako mdogo apite karibu.

TOC ndiyo nini? Ni rejista ya darasa. Nyimbo zimeketi kwenye diski, lakini mashine haijui nani ameketi wapi mpaka isome rejista iliyoandikwa sehemu ya ndani ya diski. Rejista hii huandikwa mwisho, baada ya kurekodi kwisha. Umeme ukikatika kabla haijaandikwa, wanafunzi wote wako darasani lakini mwalimu anasoma ukurasa mweupe na kusema hakuna aliyekuja.

Kuingiza muziki, basi, ndiyo hayo. Kutoa ndiko kulikokuwa na kazi, maana amri ya kutoa haikuwemo kabisa kwenye lugha ya mashine. Wadukuzi waligundua kwamba mashine za kubebeka za Sony zina mlango wa nyuma, amri zilizowekwa kwa ajili ya mafundi wa kiwandani. Kupitia mlango huo unaweza kusoma na kuandika kwenye kumbukumbu ya mashine. Wakaandika kijiprogramu, wakakisukuma mle ndani, kikaiagiza mashine: kila utakachosoma kwenye diski, kipitishe pia kwenye USB. Ikatii. Tena kijiprogramu hicho hakikai. Ukizima mashine na kuiwasha inarudi kuwa ile ile ya zamani, kana kwamba hakuna lililotendeka.

Na mimi haya nimeyajuaje? Shangazi yangu alikuwa akisomea lugha Uingereza, na mwaka 2003 alikuja nyumbani likizo na kinasa sauti cha NetMD. Aliketi jikoni na nyanya kwa majuma matatu, akamrekodi: ngano za sungura na fisi, nyimbo za kutwanga, nyimbo za arusi, majina ya mashamba ambayo leo yana nyumba za kupangisha. Alirekodi kwa mono ili kila diski ya dakika 74 ibebe dakika 148. Diski tisa. Nyanya alifariki mwaka 2009, nikiwa sijazaliwa. Diski zilikaa kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, na kinasa sauti kikavunjika tundu la spika za masikioni, ile njia moja tu ambayo sauti ilikuwa inaruhusiwa kupitia.

Likizo ya Desemba iliyopita shangazi alinikabidhi mkebe. Akaniambia, "Mwanangu, wewe si ndiye fundi? Haya." Tundu la USB lilikuwa zima. Jioni ya pili, baada ya kuungaunga waya, faili ya kwanza ikashuka. Zinatoka zikiwa za aina ya AEA, yaani ATRAC yenyewe jinsi ilivyokaa kwenye diski, bila kupunguzwa tena. Programu ya bure ya ffmpeg huzisoma na kuzigeuza WAV, na WAV hufunguka popote. Nikabofya. Ikaanza kwa kuku, kisha kifuniko cha sufuria, kisha sauti ya mama mzee ikamuuliza mtu kama hicho kidude kinakula betri ngapi. Shangazi alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia sauti hiyo maishani, na nilishangaa kwamba anacheka kama baba.

Nilipoyasimulia haya kwenye kikao cha Chama, mwenzangu mmoja alisimama akasema kuvunja kufuli ni kuvunja kufuli, liwe la nani. Hoja yake si ya kupuuza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi za wasanii, na inagusa pia suala la kuvunja vizuizi vya kiufundi vilivyowekwa kuzilinda kazi hizo. Ukichukua diski ya msanii ukaitoa nakala za kuuza stendi ya matatu, wewe ni mwizi hata ukitumia ustadi wa malaika. Lakini ngano za nyanya si za kampuni. Msimulizi ni nyanya, mrekodi ni bintiye, diski imenunuliwa kwa pesa zake. Kufuli liliwekwa kumzuia mtu anayenakili nyimbo za biashara, likamfungia nje mwenye nyumba. Mimi naona aliyeweka kufuli bila kumwachia mwenye nyumba ufunguo ndiye wa kujieleza. Mwalimu wa zamu aliukatiza mjadala saa ya prepu, kwa hiyo haukuisha, na kama una maoni niandikie kupitia sanduku la Chama.

Ukiwa na diski za namna hii nyumbani, au hata kaseti, usingoje. Diski zenyewe ni imara. Kinachokufa ni mashine: leza huchoka, mikanda hulegea, tundu huvunjika. Toa faili, weka nakala kwenye tarakilishi, nyingine kwenye diski ya nje, nyingine kwa jamaa anayekaa mji mwingine. Iandike na tarehe, na jina la anayezungumza, kwa sababu baada ya miaka ishirini hata shangazi mwenyewe hakumbuki ni nani aliyekuwa akikohoa.

Diski nane kati ya tisa zimetoka salama, zaidi ya saa kumi na saba za sauti, na wanachama wawili wa kidato cha pili wamekubali kunisaidia kuzinukuu ngano ziingie toleo lijalo. Ya tisa ina kisa. Shangazi alikuwa akirekodi nyimbo za arusi, betri zikakata kabla ya TOC kuandikwa, na tangu siku hiyo kioo kinasema diski ni tupu. Si tupu. Wajuzi wa zamani walikuwa na mbinu ya kurekodi kimya kwenye diski nyingine ya urefu uo huo mpaka ijae, kisha kuihadaa mashine ione mfuniko umefungwa huku wakibadilisha diski, ili rejista ya ile nyingine iandikwe kwenye hii. Siku hizi Web MiniDisc Pro inaweza kuiandika rejista moja kwa moja kupitia ule mlango wa nyuma. Ninafanya majaribio kwa diski isiyo na maana, iliyojaa kelele za bwenini, na nikishafaulu mara tatu mfululizo nitaitia ile ya arusi, likizo ya Agosti.